The Sword of Kaigen: mnaambiwa ni kitabu cha mapanga, sisi kimetugombanisha kuhusu ndoa

Mbukwenyi wapendwa. Nianze na hukumu kabisa ili asiye na muda aendelee na mishe zake, The Sword of Kaigen ya M. L. Wang naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyokata nimeikata kwa hasira mana mwandishi alishamaliza kazi vizuri afu akaendelea kuongea. Ila kisome. Kisome hata kama we sio mtu wa fantasia, hata kama ukisikia habari za kuamrisha barafu unaona ni katuni za watoto, mana humu ndani kuna mama mmoja na mume mmoja na msiba mmoja ambao utawatambua tu, kama sio kwenu basi kwa jirani.

Kwa wasiokijua, kimetoka 2019, mwandishi ni Mmarekani na alikichapisha mwenyewe bila kampuni yoyote nyuma yake, baadae kikashinda SPFBO, lile shindano la vitabu vya fantasia vya wanaojichapishia ambalo alilianzisha mwandishi Mark Lawrence 2015, vinaingia vitabu 300 vinachujwa weee mpaka kinabaki kimoja. Kurasa ni zaidi ya 600. Na stori inaishia humo humo, hakuna cha pili wala cha tatu, kwangu mimi hilo lilikuwa la maana sana mana nimechoka kuanzishiwa stori ya vitabu saba afu mwandishi anapotelea huko na hela yangu.

Stori iko hivi. Kuna dola ya kubuni inaitwa Kaigen, ila ukianza kusoma tu unaiona Japani, milango ya karatasi, mikeka sakafuni, majina yanaishia na san na kun, watoto wanapanda mlima asubuhi kwenda kwenye shule ya upanga. Pembezoni kabisa, kwenye rasi ya Kusanagi, kuna kijiji kinaitwa Takayubi, na huko zinakaa koo za mashujaa wenye uwezo wa kuamrisha maji na barafu. Ukoo mkubwa kuliko wote ni Matsuda, hawa wana siri ya kutengeneza upanga wa barafu unaokata mpaka chuma. Kijana wao Mamoru ana miaka 14, mzaliwa wa kwanza, mtiifu, anaamini kila alichofundishwa, kwamba dola yao haijawahi kushindwa na haitakaa ishindwe. Mama yake anaitwa Misaki, na huyu mama ndo kitabu chenyewe. Usichana wake alisoma ng'ambo, usiku anapigana na wahalifu na washkaji zake, akampenda kijana wa huko huko, afu akaitwa nyumbani akaozeshwa kwa Matsuda Takeru, mwanaume anayeongea utadhani anakatwa salio kwa kila neno. Sasa hivi ana watoto wanne wote wa kiume, wa mwisho bado wa kubebwa, anapika, anasugua, ananyonyesha, anainamisha kichwa. Upanga wake wa zamani kauficha chini ya mbao za jikoni. Yaani kila siku anakatakata mboga kausimamia.

Afu anakuja mwanafunzi mgeni kutoka mjini, baba yake kaja kufunga minara ya mawasiliano, na huyo dogo anamwambia Mamoru kwamba historia mnayofundishwa humu ni uongo. Mamoru anampiga. Usiku hapati usingizi. Anaenda kwa mama. Hapo ndo gari linawaka.

Sasa ukweli, mpaka gari liwake utasukuma. Mwanzo mzito jamani. Kila kitu kina jina lake la kubuni, mpaka saa na dakika za huko zina majina yake, kuna faharasa nyuma ya kitabu na wewe unasoma kwenye simu, hebu fikiria unaenda mwisho unarudi unaenda mwisho unarudi, bando linaisha na ulikuwa huna hata haja ya bando. Mwandishi anakaa anakuelezea siasa za dunia nzima wakati we unataka kujua kama yule mama ataufukua upanga au hataufukua. Kwenye kundi letu la wasomaji hapa Dodoma, wachache tu sisi, tunakutana jioni jioni pale Nyerere Square tukipata nafasi, wengi walikwama hukohuko mwanzoni. Tulichofanya tukaambiana usihangaike na maneno, soma kama unavyosikiliza watu wanaongea kilugha kwenye basi, maana inakuja yenyewe. Ikaja kweli.

Kitu kimoja cha huko mwanzo kilichowafurahisha watu ni kwamba kwenye hiyo dunia taifa kubwa, lile ambalo wengine wote wanaliogopa na kulinyenyekea, linaitwa Yamma na ni la watu weusi, na maneno yake mengi yametolewa kwenye lugha za Wamande wa huko Mali na Guinea, mpaka wale wasimulizi wa kurithishana ukoo kwa ukoo wamo. Mshkaji wetu mmoja wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) alifurahi huyo, anasema mara hii sio sisi tunaosubiri msaada, ni Kaigen ndo wanategemea Yamma. Mi nilifurahi kiasi, ila mwandishi hakai huko muda mrefu, anapita tu.

Kuhusu maadui. Wanatokea upande wa pili wa bahari na nguvu yao ni upepo. Hapa nilimvulia kofia mwandishi, mana ukijua historia ya Japani kidogo unaona kageuza shati ndani nje. Mwaka 1274 na tena 1281 Wamongolia walikuja na meli kuivamia Japani, mara zote mbili dhoruba zikawavurugia meli zao, ndo Wajapani wakaziita kamikaze, upepo wa miungu, na kutoka hapo likajengeka lile wazo la nchi isiyoshindika. Sasa kwenye kitabu upepo ndo adui mwenyewe, unakuja kama kimbunga unashuka kijijini, na watu waliolelewa kwamba hawashindiki wamekaa wanautazama. Hata Kusanagi ni jina la upanga wa kwenye hadithi za kale za Wajapani, moja ya hazina tatu za ufalme wao, na shujaa aliyeubeba anaitwa Yamato Takeru. Kwahiyo mwandishi anapompa yule mume bubu jina la Takeru anajua anachofanya. Na sie tumeyasoma haya Julai, Dodoma, mnajua wenyewe upepo wa huku mwezi huo, vumbi limejaa mpaka kwenye meno na bati linagonga usiku kucha. Dada mmoja wa Nkuhungu alisema ilibidi aamke aende kuangalia kama mlango kaufunga, na anaishi na mbwa wawili!

Natahadharisha, kuanzia hapa nagusa yanayotokea katikati. Nani anakufa sisemi, ila mwenye akili atajua. Anayetaka aende mweupe aishie hapa.

Vita inachukua kama sura kadhaa na ni vita haswa, sijawahi kusoma kitu kikanikaza mgongo vile. Na haijapambwa. Mtoto wa pili wa Misaki, Hiroshi, ana miaka mitano, na huyo mtoto wa miaka mitano anaua askari. Nyie. Mwandishi hashangilii, hakuambii dogo shujaa, anakuonyesha tu mama anamwangalia mwanae na anajua kuna kitu kimeshaharibika ambacho hata wakinusurika hakitarudi. Nesi wetu (tunaye nesi, anasoma zamu za usiku wodi ikitulia) alisema hapo alifunga simu akaenda kupima presha za wagonjwa ambazo alishazipima.

Ila sikilizeni, vita inaisha katikati ya kitabu. Katikati! Hapo kundi likagawanyika. Kuna kaka yetu fundi simu pale Sabasaba, yeye alikuja kwa ajili ya mapanga tu, na vita ilipoisha akaandika "sasa nasoma nini tena, si wameshapigana?" Akakiacha karibu mwezi mzima. Na kwa upande wake namuelewa, mana kila anayekusifia hiki kitabu anakusifia mapigano, kava lenyewe linakuuzia mapigano, afu unafika ukurasa wa mia tatu na ngapi huko unakuta watu wanaokota mbao, wanatafuta nguo za watoto, wanahesabu nani yupo. Mi nasema kitabu ndo kinaanza hapo. Vitabu vingi vya vita vinakuishia na ushindi au kifo, hiki kinakwambia haya, kesho yake asubuhi mtoto mchanga analia anataka kunyonya na maziwa yapo, utafanyaje. Misaki hana hata nafasi ya kuanguka vizuri. Nani atapika?

Na kilichotuvunja wengi wetu sio kifo chenyewe. Ni kwamba serikali yao inatuma ofisa, anakuja kasimama kwenye magofu na nguo zake safi, anawaambia hakukuwa na uvamizi. Ni dhoruba ya pwani iliwapiga. Msiseme neno maadui, msisimulie, waliokufa hawakufa vitani. Kwasababu dola haishindiki, sasa itakuwaje ikubali kwamba ilivamiwa. Kwahiyo watoto wamekufa kwa ajili ya nchi na nchi inasema hao walizama.

Jamani, kwa Mtanzania hiyo inauma mahali pabaya sana. Sisi hata wale wa vita ya Kagera ya 1978 na 1979 makaburi yao yapo Kaboya, kila Julai 25 silaha za jadi na maua vinawekwa mnarani, taifa linasimama. Na huku mtaani msiba ni msiba, turubai linafungwa, masufuria yanaazimwa, wamama wanalala chini na mfiwa, mtu hata kama mligombana naye unaenda. Mwenzetu mmoja alienda kwao Mpwapwa akawa anamsimulia bibi yake hiyo stori kwa Kigogo jioni kwa jioni, bibi kafurahia yote, barafu hakuielewa vizuri ila akasema endelea, alipofika hapo kwenye dhoruba bibi akamkatisha, "Kwahiyo hawakuwalilia?" Akamjibu bibi wamekatazwa kusema. Bibi akasema basi hao waliokataza ndo waliowaua, na akakataa kusikiliza mpaka kesho yake. Niliposimuliwa hilo nikasema bibi kakielewa kitabu kuliko fundi simu wetu, samahani kaka.

Yule kijana wa UDOM yeye alienda mbali zaidi, akaleta Majimaji, 1905 mpaka 1907, watu waliambiwa maji yatageuza risasi za Mjerumani wakasimama mbele ya bunduki wakiamini. Tukabishana hapo, mi nilimwambia sio sawa, wale wa Majimaji walikuwa wanajikomboa na imani ile iliwaunganisha makabila kwa makabila, hawa wa Kaigen wanadanganywa na serikali yao wenyewe ikiwa inajua kabisa. Hakukubali. Bado hajakubali.

Sasa ndoa. Hapa ndo palipotaka kutuvunjia kundi.

Takeru. Mume ambaye miaka kumi na kitu hajamuuliza mkewe umelalaje. Mume ambaye Misaki mimba zimetoka na yeye anaangalia tu. Kwenye vita anamwamuru mkewe aende akajifiche na watoto wakati anajua, au angejua kama angewahi kuuliza, kwamba huyo mwanamke anapigana kuliko nusu ya wanaume wa kijiji. Baada ya vita ofisa anawaambia uongo wao wa dhoruba na Takeru, ndo mkubwa wa ukoo sasa, ananyamaza. Misaki anafika mwisho. Anaufuata upanga anamkabili mumewe, njoo tupigane, kwa sheria za kwao kabisa. Ile sura, yaani mama mzima nilisimama. Wanapigana na huku ndo kwa mara ya kwanza wanaongea. Kila pigo ni kitu ambacho kilitakiwa kusemwa mezani zamani.

Afu mwandishi anatupa sura za Takeru mwenyewe, tunaambiwa kumbe alilelewa na baba mkali na kaka wa kumkandamiza, kumbe akizidiwa roho yake inakimbilia kwenye mlima, anajifanya ni theluji na mawe asihisi kitu. Na anabadilika. Anaanza kuongea, anaanza kuuliza, anaanza kuwa baba.

Mwalimu wetu wa sekondari, dada kaolewa muda mrefu tu, alikataa katakata. Anasema miaka kumi na tano ya ubaridi haifutwi na sura mbili za utoto mgumu, kila mwanaume ana utoto mgumu, anasema mwandishi kamsamehe Takeru kwa niaba ya Misaki. Nesi akasema hapana shoga, Misaki hakusamehe, alikadiria, ana watoto watatu mkononi na kijiji kimevunjika, atamwacha aende wapi. Kaka mmoja mtumishi wa serikali kule Mtumba, mtu mzima, mpole, huwa haongei, akasema yeye alijiona humo ndani na hakupenda alichokiona. Tukanyamaza kidogo hapo. Afu mwalimu akamwambia umekiri tu wewe, nenda nyumbani ukaongee na mkeo, tukacheka basi ikaisha.

Mi niko na mwalimu kwa asilimia kubwa. Mabadiliko ya Takeru yamekuja haraka kuliko anavyostahili. Ila kuna kitu mwalimu hakitaki kukisema, na nilimwambia, kwamba Misaki naye sio malaika. Miaka ya mwanzo hakuwapenda hata watoto wake, anakiri mwenyewe, aliwaona kama watoto wa Matsuda waliopitia tumboni kwake. Alikuwa anaishi Takayubi na moyo kauacha ng'ambo kwa kijana wa watu. Usiku ule Mamoru anapomjia na maswali yake, ndo mara ya kwanza anamsimulia mwanae alikuwa nani, wanachukua panga wanafanya mazoezi mama na mwana, anamrekebisha, anamcheka, na mtoto anashangaa kumbe mama yangu ni mtu. Ni kurasa chache tu. Ukijua kinachokuja mbele unatamani mwandishi angewaacha hapo hata sura tatu zaidi. Hayo ndo machozi yangu mimi, wengine walilia vitani, mi nililia nilipokumbuka lile zoezi. Lawama za kitabu hiki haziendi kwa mtu mmoja, na ndo kinachofanya watu wagombane.

Shemeji yake Misaki, Setsuko, msimsahau. Mke wa kaka mtu, katokea kwa watu wa chini huko pwani kwenye samaki, mdomo upo, kicheko kipo, bila yeye hicho kitabu kisingemezeka. Kila ukoo una shemeji wa hivi na ukoo usipokuwa naye umekwisha.

Haya, nyota niliyokata. Mwisho. Mambo yote yameshatulia, ndoa imepata njia yake, msiba umepata pa kukaa, na hapo mwandishi anamleta yule kijana wa zamani wa ng'ambo, sasa mtu mzima, na tishio jipya kabisa, mtu sijui katokea wapi, siri sijui gani, utadhani tangazo la kitabu kingine. Sababu ipo, hii stori alikuwa ameiandika kwenye dunia moja na vitabu vyake vingine, afu huo mfululizo akauacha. Kwahiyo ameacha milango wazi ya nyumba ambayo hajengi. Kundi zima tulikubaliana hapa, ni kitu pekee tulichokubaliana, kwamba kurasa za mwisho zile ungezikata na mkasi kitabu kingekuwa kizuri zaidi. Fundi simu alirudi akamaliza kwasababu tulimwambia mwishoni kuna mapigano tena, akakuta kakipande tu, akatununia.

Tahadhari muhimu na naisema bila utani, kuna tukio la mwanamke kufanyiwa ukatili wa kingono wakati wa uvamizi, na yanayomkuta baada ya hapo ni mazito. Kuna mimba kutoka. Kuna watoto kufa. Aliyetoka kufiwa karibuni, hasa aliyefiwa mtoto, asiguse kwanza, au asome na mtu pembeni. Kwa wanafunzi wa sekondari mi ningesema wakubwa ndo wasome, sio kidato cha kwanza. Na Kiingereza chake hakisumbui ukishazoea yale majina.

Kuhusu kukipata, hapa mjini sijakiona dukani, mi nilinunua cha kwenye simu kwa kadi ya mtandaoni nikachoka macho, afu nikaagiza cha karatasi kwa mtu aliyekuwa anatoka Dar na treni ya SGR. Msiniombe PDF, dada wa watu kajichapishia mwenyewe, tumwache ale. Cha karatasi naazima, ila kwa foleni, sasa hivi kipo kwa nesi, akimaliza kurudia anapewa mwalimu ambaye anataka kupigia mistari sura za Takeru kwa kalamu nyekundu, nimemkatalia, kalamu ya risasi tu. Baada ya hapo nani anafuata aseme, na awe anakaa karibu, Ipagala au Kisasa, sikitumi kwa bodaboda mimi.